Je, Kwenda kwa Mshauri ni Kukosa Imani?

Baada ya kumzika baba yangu, nilihubiri furaha Jumapili tatu mfululizo, na usiku silali. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, wewe unaombea kila mtu. Nani anakusikiliza wewe?"

Nilienda kwa mshauri nasaha nikiogopa kuonekana na mshirika. Nilidhani atanipa majibu. Wapi! Kwanza alinieleza kwamba tunayosema ni siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Kisha akauliza: nalala vipi, nyumbani kukoje, nataka nini kibadilike. Saa moja ikaisha. Nilitoka nimechoka, sijapona. Mzigo ulianza kupungua baada ya wiki kadhaa.

Je, nilimwacha Mungu? Someni 1 Wafalme 19. Eliya, chini ya mretemu, aliomba afe. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi na mkate, baadaye akamwuliza swali na kumwacha aseme yaliyo moyoni.

Mimi nilisomea biashara. Mkaguzi hawezi kuokoa duka linaloficha vitabu vyake vya hesabu. Imani nayo si kuficha hasara. Kama namwambia Mungu ukweli, mbona niogope kuusema mbele ya mtu aliyefunzwa kusikiliza?

Ukienda, uliza kama amesajiliwa. Msipoelewana, tafuta mwingine. Hiyo si dhambi. Na usiache maombi. Mimi bado naomba usiku. Tofauti ni kwamba nikisema amina, nalala.