Vipande Visipotee: Neno juu ya Meza ya Nyumba ya Mkristo

Somo: Yohana 6, 1–13



Habari ya mikate mitano na samaki wawili imesomwa mara nyingi katika sharika zetu, na mara nyingi twaihubiri tukiutukuza uwezo wa Bwana wetu. Ni vema, maana hakika ni uwezo wake. Lakini leo twataka kuitazama kwa upande wa meza. Maana wengi katika kundi hutuuliza, wala si kwa mzaha: "Mchungaji, fedha ni chache, watoto ni wengi, na bei ya unga hupanda, tuwalisheje hawa?"

Swali hili si la dunia tu. Yeye aliyetufundisha kuomba Jina la Mungu litakaswe ndiye aliyetufundisha, katika sala ile ile, kuomba riziki ya leo. Na Dk. Martin Luther, alipoitoa Katekismo Ndogo mwaka 1529, alieleza ya kuwa ombi hilo si la mkate peke yake, bali la yote yaupasayo mwili: chakula, nguo, nyumba, shamba, na amani ya jirani. Basi mama anayesimama sokoni akihesabu shilingi zake hayuko mbali na sala yake. Yumo ndani yake.

Na tuyaangalie mambo matatu aliyoyafanya Bwana siku ile. Alikitazama kilichokuwapo, aliwaketisha wote, aliagiza vipande vikusanywe.

1. Alikitazama kilichokuwapo.

Filipo alipoulizwa mikate itanunuliwa wapi, alifanya hesabu. Alisema mikate ya dinari 200 haiwatoshi, hata kila mmoja apate kidogo tu. Nayo dinari 1, kama tusomavyo katika Mathayo 20, ilikuwa ujira wa mtu wa shamba kwa siku 1. Kwa hiyo Filipo alitaja mshahara wa siku 200. Hesabu yake haikuwa na kosa lo lote. Tatizo ni kwamba alihesabu fedha isiyokuwapo. Andrea hakuwa na imani kubwa kumpita, lakini alitafuta kilichopo, akamwona mtoto mwenye mikate 5 ya shayiri.

Angalieni neno hili "shayiri." Katika Ufunuo 6 twaona ya kuwa fedha iliyonunua kibaba 1 cha ngano ilinunua vibaba 3 vya shayiri. Kumbe mikate ile ilikuwa chakula cha maskini! Wala Bwana hakuiona haya. Aliitwaa, akashukuru.

Bali sisi twaona haya. Mayai ya kuku wetu twayauza ili tununue soda na biskuti. Maharage twayaita chakula cha shule, na dagaa twawaficha mgeni abishapo hodi. Twatoa fedha kwa ajili ya kitu cheupe chenye karatasi ya kung'aa, na watoto wabaki na njaa wakiwa wameshiba. Nabii Isaya, katika sura ya 55, aliwauliza watu wake kwa nini watoe fedha kwa kitu kisicho chakula. Swali hilo latufaa hata leo.

Jueni basi jinsi Muumba alivyovipanga vyakula hivi vya bei ndogo. Mahindi peke yake yana upungufu katika vile vinavyoujenga mwili, na maharage peke yake yana upungufu mwingine. Lakini yakiliwa pamoja, hili humkamilisha lile, kama mume na mke wema. Ndiyo maana kande ya mahindi na maharage yamfaa mtoto kuliko ugali mweupe na mchuzi mwepesi. Unga wa dona umebaki na kiini na ganda la punje, ambamo mna mengi ya kuulinda mwili. Sembe nyeupe imekwisha kunyang'anywa hayo. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, nao huiimarisha mifupa yetu. Mchicha, majani ya kunde, matembele na majani ya maboga hutia damu. Nawe ukikamua ndimu juu yake, au ukila papai pamoja nayo, mwili hulipokea zaidi lile chuma lililomo. Haya yote si ya matajiri. Mengine yaota nyuma ya jiko, penye maji ya kuoshea vyombo.

Tena tumkumbuke Katharina von Bora, aliyeolewa na Luther mwaka 1525. Walikaa Wittenberg katika nyumba iliyokuwa ya watawa, wakapata watoto 6. Tena wanafunzi na wageni walijaa mezani. Luther alikuwa mwepesi wa kutoa fedha na mzito wa kuzihesabu. Mkewe ndiye aliyelima bustani, akafuga nguruwe na kuku, akatunza bwawa la samaki, hata Luther akamtania kwa kumwita Bwana. Wageni wale walisikia maneno makuu ya Injili wakiila kazi ya mikono yake. Mama asiyejulikana jina anayepanda mchicha katika usharika wetu yuko katika safu hiyo hiyo.

2. Aliwaketisha wote.

Bwana hakuwaacha watu wagombanie mikate, mwenye nguvu ashibe na mnyonge akose. Aliagiza waketi kwanza. Wanaume walikuwa kama 5,000, na Mathayo aongeza kwamba wanawake na watoto walikuwapo pia. Wote walikula kadiri walivyotaka.

Hapa, ndugu zetu wanaume, inatupasa kusema bila kuzungukazunguka. Katika nyumba nyingi za Wakristo mnofu ni wa baba, na mtoto apewa mchuzi. Baba akaa peke yake penye kiti, na mama hula ukoko wa chungu, ijapokuwa ana mimba au ananyonyesha. Desturi hii yaitwa heshima. Lakini mtu mzima aliyekwisha kukua akikosa mnofu siku moja hadhuriki; mtoto wa miaka miwili akiukosa siku zote, hadhurika mwili tu, bali na akili yake hupungukiwa, wala upungufu ule ni vigumu kuurudisha baadaye.

Daktari mmoja, Bibi Cicely Williams, alipofanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika mwaka 1933 juu ya watoto waliovimba miguu na kubadilika ngozi, nao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi mtupu. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina la wenyeji, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa katika nafasi yake mwenziwe azaliwapo. Sisi twauita unyafuzi. Litafakarini jina hilo. Mtoto ameketi mezani, lakini ameondolewa. Kwa hiyo mama na anyonyeshe maziwa yake tu miezi 6 ya kwanza, kisha aongeze chakula huku akiendelea kunyonyesha hata miaka 2 na zaidi. Na ule uji utiwe karanga zilizosagwa, au yai, au maziwa, au unga wa dagaa. Yai lile lisiuzwe kabla mtoto hajapata lake.

Tena juu ya fedha yenyewe. Kahawa ikiuzwa, au mshahara ukitoka, ni nani ajuaye kiasi? Mara nyingi baba peke yake. Mama apewa ya siku hiyo, nayo iliyobaki yapita kilabuni kabla ya kufika nyumbani. Tufanye mfano: mtu anywaye pombe ya shilingi 1,000 kila siku amekunywa shilingi 30,000 kwa siku 30. Hatuandiki hapa ni vibaba vingapi vya maharage, maana bei hubadilika. Enenda sokoni ukaulize mwenyewe, na soko litakuhubiria kuliko sisi. Mtume Paulo, katika 1 Timotheo 5, amhesabu mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake kuwa ameikana imani. Hakusema "amekosea kidogo." Basi mume na mke na waketi pamoja fedha iingiapo, waigawe kwa kuijua: ya chakula kwanza, ya shule, ya dawa, ya sadaka, na akiba ijapokuwa ndogo. Neno lililofichwa kati yao haliwezi kubarikiwa.

3. Aliagiza vipande vikusanywe.

Hili ndilo la ajabu kupita yote. Yeye aliyeweza kuifanya mikate mingine kesho yake hakukubali vipande vya leo vipotee. Vikapu 12 vilijaa. Wingi wa Mungu hauturuhusu kutapanya.

Kwa hiyo tujifunze kukusanya. Anunuaye kibaba kibaba kila jioni hulipa zaidi mwisho wa mwaka kuliko anunuaye debe au gunia wakati wa mavuno, bei iwapo chini. Ikiwa mmoja hawezi peke yake, jirani watatu na wachange, wanunue gunia moja, walipime mbele ya wote. Yusufu aliweka sehemu ya tano ya mavuno miaka 7 ya shibe, na Misri ikapona. Maharage yalowekwe tangu usiku, nayo yataiva kwa kuni chache. Mboga za masika zikaushwe kivulini kwa ajili ya kiangazi. Kiporo kifunikwe vema, na asubuhi kichemshwe sana kabla ya kuliwa.

Lakini angalieni, kutopoteza si kula kilichooza. Mana iliyowekwa kinyume cha agizo iliingia mabuu, nayo ilinuka (Kutoka 16). Mahindi yaliyowekwa mabichi huota ukungu wenye sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Basi mahindi yakaushwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, yawekwe juu ya vichanja, na yenye ukungu yatupwe, ijapokuwa moyo wauma.

Tena, vikapu vile 12 vilikuwa vya nani? Hatuambiwi ya kuwa mitume walivifungia ghalani. Uangalifu usio na jirani ndani yake ni ubahili tu. Wala hatusemi kwamba kila njaa yatoka kwa uvivu au kwa kutojua hesabu. Wako wajane miongoni mwetu wasio na shamba, na wazee waleao wajukuu yatima, ambao hata wangehesabu usiku kucha hakuna cha kuhesabu. Hao tusiwahubirie bustani tukawaacha. Kanisa la kwanza, wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, halikuwaambia wavumilie. Lilichagua watu 7 wenye sifa njema wahudumu mezani (Matendo 6). Ninyi wazee wa usharika na walimu, someni sura hiyo katika baraza lenu, kisha ulizaneni kwa majina: katika mtaa wetu ni nyumba ipi ambayo jana haikuwasha moto?

Basi, ndugu, mtoto yule wa Galilaya hatumjui jina. Chakula chake kilikuwa kidogo, tena cha shayiri. Alikitoa mkononi mwa Bwana, na hakuna aliyerudi na njaa. Leteni nanyi kidogo chenu: shilingi zilizohesabiwa, mchicha wa nyuma ya jiko, kiti cha baba kilichosogezwa karibu na watoto. Shukuruni juu yake, gawanyeni kwa haki, kusanyeni kinachobaki. Naye aliyewaona wenye njaa kabla hawajamwomba awabariki mezani penu, leo na siku zote. Amin.