Subira ya mama haifuti nafaka ya mtoto

Katika darsa za akina mama ninazosomesha, swali moja halikosekani. Baba wa watoto ameondoka, simu yake haipatikani, na ndugu zake wanasema hawajui alipo. Mama afanye nini? Jibu analopewa mitaani, mara nyingi na sisi wanaume, ni fupi: "Subiri dada, mwachie Mwenyezi Mungu."

Ndugu Waislamu, tulipime jibu hili. Subira ni ibada kubwa, lakini mtu husubiri juu ya haki yake. Mama akisamehe nafaka yake mwenyewe, ni hiari yake na ana ujira wake. Nafaka ya mtoto si mali ya mama. Vipi asamehe asichokimiliki?

Hind bint Utba alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) juu ya ubakhili wa mumewe, Abu Sufyan, hakuambiwa asubiri. Aliruhusiwa achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katika madhehebu ya Shafi, kama alivyoeleza Imam Nawawi katika Minhaj, nafaka ya mtoto ya siku zilizopita haiwi deni juu ya baba, isipokuwa kadhi ameiamuru, au ametoa idhini ya kukopa kwa sababu baba hayupo au amekataa kutoa. Kwa hiyo mama anayenyamaza miaka mitatu akingoja, huenda asiwe na cha kudai baba akirudi. Fiqhi yenyewe inamwambia: usikawie, nenda kwa kadhi.

Kadhi yupi? Zanzibar ipo Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya kisheria. Huku Bara, kadhi wa Bakwata husuluhisha na kunasihi, lakini hana nguvu ya dola ya kumlazimisha aliyekimbia. Iliyopo ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mama aende kwa ofisa ustawi wa jamii na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, aeleze baba alionekana wapi mara ya mwisho, anafanya kazi gani na ana mali gani. Ombi la matunzo hupelekwa Mahakama ya Watoto. Mdaiwa asipopatikana, mahakama inaweza kuagiza wito utolewe kwa njia nyingine, kama vile kutangazwa gazetini. Kujificha hakuzuii shauri kusikilizwa.

Wapo watakaosema: hiyo si mahakama ya Kiislamu. Nawauliza, mama anaomba nini pale? Anaomba baba alishe na kuvisha watoto wake, jambo ambalo Allah (s.w.) amekwishamfaradhishia. Kuidai haki ambayo sharia imekupa hakuwi kuikimbia sharia.

Aidha, tusimhukumu kila asiyeonekana. Huenda ni mgonjwa, yuko gerezani, au amefariki. Lakini njaa ya mtoto haingoji tujue kosa ni la nani. Baba akiwa hana uwezo au amekufa, na mtoto hana mali, kwa Mashafi mzigo humwendea babu mzaa baba kabla ya mama. Wangapi kati ya mababu zetu wamewahi kuambiwa hivyo msikitini?

Mwisho, nawageukia sisi tunaojua alipo. Yuko kaka anayemwambia shemeji yake kuwa hajui, na jioni anaongea na ndugu yake kwa namba mpya. Yuko rafiki aliyempangia chumba mji mwingine. Suratul Maida aya ya 2 imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Anayemficha baba asilishe wanawe ajue kwamba mtoto huyo naye atakuwa na madai yake Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.