Stara na Utupu: Swali la Kimaadili katika Mchoro Mmoja wa Michael Armitage

Suala la uhusiano wa sanaa na maadili limewashughulisha wahakiki tangu enzi za Plato. Aghalabu mjadala huo huanzia katika Kitabu cha Kumi cha Jamhuri, ambamo wachoraji wanashutumiwa kwa kuiga kivuli cha kivuli. Hata hivyo, Kitabu cha Nne cha kazi iyo hiyo kina kisa kifupi ambacho wahakiki wetu hawakitaji sana, nacho ndicho kifaacho hapa. Leontius, akipanda kutoka bandari ya Piraeus, anaziona maiti za watu waliouawa kwa hukumu. Anatamani kuzitazama na papo hapo anajichukia kwa kutamani. Anajifunika uso, anashindana na nafsi yake, kisha anakodoa macho na kuyalaani, akiyaambia yashibe.

Mnamo Novemba 2014 Wakenya wengi walijikuta katika hali ya Leontius. Video iliyonaswa kwa simu ya mkononi katika kituo cha matatu jijini Nairobi ilionyesha kundi la wanaume likimvua mwanamke nguo kwa madai kuwa mavazi yake hayakuwa ya heshima. Video hiyo ilisambaa. Waliokuwa wakiilaani waliituma kwa wenzao sawa na waliokuwa wakiishangilia, na katika kila simu mwanamke yule alivuliwa upya. Tarehe 17 mwezi huo mamia ya wanawake na waliowaunga mkono waliandamana Nairobi chini ya kaulimbiu ya My Dress My Choice, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likapitisha marekebisho yaliyoingiza kifungu cha 251A katika Kanuni ya Adhabu, kinachomtia mwenye kosa la kumvua mtu nguo kifungo kisichopungua miaka 10.

Mwaka 2015 Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea sanaa London, aliichukua kadhia hiyo na kuichora kwa rangi za mafuta. Mchoro huo, ambao unabeba jina la kaulimbiu pamoja na alama yake ya mtandaoni (#), ulionyeshwa mwaka huo huo katika jumba la White Cube, London. Mwanamke amelala chini, mgongo wake ukimwelekea mtazamaji. Mlalo wake ni ule wa Venus aliyechorwa na Velázquez katika karne ya 17, ambaye sasa yumo katika jumba la National Gallery. Lakini Venus wa Velázquez ana Cupid anayemshikia kioo. Huyu wa Armitage amezungukwa na miguu ya wanaume.

Je, ilikuwa halali kumchora? Kiswahili kinalo neno linaloliweka swali hili wazi zaidi kuliko msamiati wa kigeni wa faragha na haki za picha. Neno hilo ni stara. Kwa Mswahili, amkutaye mtu uchi humtupia nguo kwanza, kisha ndipo aulize kilichomsibu. Stara haimtazami aliyesitiriwa peke yake. Humhifadhi pia anayetazama dhidi ya macho yake mwenyewe. Kwa kipimo hiki, hoja iliyozoeleka kwamba msanii ana wajibu wa kufichua maovu haitoshi. Uovu huu ulikuwa umekwisha kufichuliwa, tena kupita kiasi. Aliyeuchora baada ya hapo hana budi kuonyesha ameongeza nini zaidi ya mtazamo mwingine.

Jibu linaanzia kwenye kitambaa. Armitage hachori juu ya turubai la kawaida bali juu ya lubugo, gome la mti wa mutuba ambalo Waganda hulipondaponda kwa nyundo za mbao hadi likawa nguo, na ambalo tangu zamani limekuwa vazi la sherehe na sanda ya maiti. Alilikuta lubugo mwaka 2010 katika soko la watalii jijini Nairobi. Gome hilo lina matundu na mishono isiyofichika. Hivyo utupu umechorwa juu ya kitu ambacho kazi yake ni kufunika. Mtu anaweza kudai kwamba hii ni bahati tu, kwani Armitage hulitumia gome hilo katika michoro yake mingine pia. Dai hilo halina uzito: maana ya kazi ya sanaa haitegemei nia ya msanii peke yake, na sanda ni sanda hata ikitumiwa kila siku.

Jambo la pili, na pengine zito zaidi, ni mahali pa mtazamaji. Katika video mshika simu haonekani. Yeye ni jicho tu, na kila apokeaye video hurithi jicho hilo lisilo na mwili. Mchoro unamrudishia mwili. Asimamaye mbele yake anaiona miguu ya wale wanaume, na hawezi kuepuka kutambua kuwa naye ana miguu, na kwamba mduara unakamilika pale aliposimama. Uso wa mwanamke hauoni. Kwake mlango huo umefungwa, na hapo ndipo stara inapotendeka kwa njia ambayo video haikuiweza.

Hata hivyo, utetezi huu una mpaka. Mwanamke hakuombwa ridhaa na waliomvua, wala na aliyeshika simu, na hakuna ustadi wa brashi uwezao kuiomba kwa niaba yake baada ya tukio. Aidha, kaulimbiu iliyobebwa barabarani na wanawake imekuwa anwani ya kazi ya mwanamume katika jumba la biashara ya sanaa, mbali na kituo kile cha matatu. Mhakiki anayeusifu mchoro kwa kumsitiri mwanamke huyu anapaswa pia kueleza kwa nini kusitiriwa kwake kulihitaji watazamaji wapya.