Kompyuta Ikikosea, Ng'ombe wa Nani?

Modeli nyingi za kompyuta zinasema mvua za masika Afrika Mashariki zitaongezeka. Tangu miaka ya 1980 zimeelekea kupungua, na kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo. Wanasayansi wanaita hicho kitendawili. Isiolo kilinuka mizoga.

Mzee wa Kiborana akisoma vibaya matumbo ya mbuzi, hufa ng'ombe wake mwenyewe. Mtu wa modeli akikosea, anarekebisha namba.

Sisemi tuzitupe, zii. Agosti 2022 ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, kilionya kwamba msimu wa tano ungekauka, na ukakauka kweli. Lakini ukimwambia mfugaji auze nusu ya kundi kabla malisho hayajafika mahali ambapo hata mvua haiwezi kuyarudisha, mwambie pia una uhakika kiasi gani. Atakayebaki na boma tupu ni yeye, si wewe.