Jibu la Timu ni la Nani?

Vijana wanne wa mtaa wa Ziwani, Nairobi, wakiketi meza moja kushindana na wenzao wa Kaloleni au Bahati katika kufumbua mafumbo, na mmoja wao akaliona jibu ambalo watatu hawakuwa nalo, mwamuzi huandika alama kwa jina la timu. Hakuna anayenung'unika. Watatu waliokuwa wamekwama wanashangilia kwa sauti ileile ya aliyeona, na kombe likipatikana litashikwa na mikono minane. Katika mbio za kupokezana vijiti jambo hili halina utata, kwa sababu kila mmoja amekimbia mita zake na saa imezihesabu. Katika fumbo, huenda watatu hawakusogeza chochote. Je, ni kweli basi kwamba timu ndiyo iliyojua? Au tunasema hivyo kwa adabu tu, ilhali kujua ni jambo la mtu mmoja mmoja, kama maumivu ya jino, ambayo jirani anaweza kukupa pole lakini hawezi kuyahisi?

Jiji la Nairobi lina historia ya kubishania swali hili. Placide Tempels, mmishenari wa Kibelgiji aliyekaa Kongo, alichapisha mwaka 1945 kitabu kilichodai kuwaeleza walimwengu falsafa ya Wabantu, akiieleza kama kwamba ni mali ya kabila zima na kwamba hakuna Mbantu hata mmoja aliyehitaji kuifikiri. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliupa umbo maarufu wazo kwamba mtu yupo kwa sababu ya watu wake. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi hakuridhika. Yeye na wenzake waliwaendea wazee mmoja mmoja, miongoni mwao Paul Mbuya Akoko, wakawauliza maswali magumu na kuandika majibu kwa majina ya waliojibu. Katika kazi hiyo, aliyoikusanya katika kitabu cha mwaka 1990, Oruka alitenganisha mzee anayeyajua vizuri mapokeo ya watu wake na mzee anayeweza kusimama nje ya mapokeo hayo na kuyahoji. Kwake yeye, anayefikiri ana jina. Kabila halifikiri.

Kwa sehemu kubwa namkubali Oruka, na nadhani fumbo la timu ni mahali pazuri pa kuipima hoja yake, kwa kuwa hapa kikundi ni kidogo, kazi ina mwisho, na jibu ni sahihi au si sahihi. Ushahidi upo pia. Mwaka 1932 Marjorie Shaw wa Marekani alichapisha majaribio ambamo aliwapa watu mafumbo, yakiwemo yale ya kuvusha watu mto, wengine wakifanya peke yao na wengine wanne wanne. Vikundi vilifaulu mara nyingi zaidi. Shaw alieleza kwamba nguvu ya kikundi ilitokana na wanachama kukosoana: kosa la mmoja lilinaswa na mwingine kabla halijaenda mbali. Maelezo hayo yanapendeza, lakini mwaka 1955 Irving Lorge na Herbert Solomon walionyesha kuwa si lazima. Tuseme kila kijana ana nafasi moja kati ya tano ya kulifumbua fumbo peke yake. Uwezekano wa wote wanne kushindwa ni 0.8 ikizidishwa kwa yenyewe hadi itimie mara nne, yaani takriban 0.41. Kwa hiyo wanne hao watapata jibu karibu mara 59 kati ya 100 hata kama hakuna aliyemsaidia mwenzake, hata kama wameketi vyumba vinne tofauti. Mtu akinunua tiketi nne za bahati nasibu nafasi yake inaongezeka, na hatusemi kwamba tiketi zimeshauriana.

Pingamizi hili ni zito kuliko linavyoonekana, na wapenzi wa methali za umoja ni vyema wakalitafakari kabla ya kuzitaja. Likisimama, timu ni mfuko tu wa vichwa, na Oruka ameshinda bila jasho. Lakini halisimami kwa mafumbo yote. Mwaka 2006 Patrick Laughlin na wenzake walitoa matokeo ya fumbo ambalo herufi kumi, kuanzia A hadi J, zimefichiwa tarakimu 0 hadi 9. Mfumbuaji anapendekeza hesabu, anapewa jawabu kwa herufi, anakisia, kisha anapendekeza tena. Vikundi vya watatu, wanne na watano havikumshinda tu mtu wa wastani. Vilimshinda hata aliye bora kati ya idadi ileile ya watu waliofanya peke yao. Wawili wawili hawakumpita aliye bora kati ya wawili. Hapo hesabu ya tiketi haitoshi tena. Kitu fulani kimetokea mezani ambacho hakikuwamo katika kichwa chochote kabla ya watu kuketi.

Kitu gani? Chukua fumbo linalosimuliwa kwa sura nyingi pwani na bara: mtu ana chui, mbuzi na majani, anataka kuvuka, na chombo kinamchukua yeye na kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Wengi hung'amua mara moja kwamba mbuzi avuke kwanza, kisha hukwama, kwa sababu kila hatua inayofuata inaleta maafa. Njia ni kumrudisha mbuzi alikotoka baada ya kumvusha chui au majani, na safari zote zinakuwa saba. Mtu aliye peke yake huikwepa hatua hiyo kwa kuwa inafanana na kurudi nyuma. Katika timu, mara nyingi hutamkwa na asiyeiamini. Mmoja anasema kwa mzaha, "Basi mrudishe mbuzi!" Wengine wanacheka, halafu wa tatu anaacha kucheka. Ukiuliza hapo nani aliyelijua jibu, utapata shida. Aliyelisema hakulijua, maana alitania. Aliyelijua hakulisema, maana lilitoka kwa mwingine. Kugundua kumefanyika baina yao.

Inafaa kutofautisha jambo hili na ubunifu mwingine wa mitaa hiyohiyo. Sheng ilikua Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, katika nyumba za halmashauri ambako familia za lugha mbalimbali zilitumia bomba moja la maji, na hakuna mtu anayeweza kudai kuwa ndiye aliyeitunga. Msemaji wa Sheng hahitaji kuthibitisha chochote: watu wakilitumia neno, limekuwa neno. Jibu la fumbo haliwi sahihi kwa sababu wanne wamelikubali. Wanaweza kukubaliana wote na wakakosea wote. Sheng ni mali ya umma kwa namna ambayo jibu la fumbo haliwezi kuwa, na nadhani Tempels alikosea papo hapo, kwa kuichukulia falsafa kama lugha.

Hata hivyo jibu la fumbo lina sifa nyingine inayoligawa bila kulipunguza. Kitendawili kikitegwa, mtegaji husimama peke yake na umma mzima huitikia, "Tega!" Umma ukishindwa, ni wote wanaotoa mji, hata yule ambaye jibu lilikuwa ulimini. Lakini jibu likitajwa, kila aliyepo analipima mwenyewe. Ukiambiwa kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, huhitaji cheti cha aliyekuambia. Unaona. Na ukishaona, unajua sawasawa na aliyetangulia kuona. Yeye amekuzidi kwa saa, hajakuzidi kwa ujuzi. Hapa ndipo ninapoona msingi wa haki wa ile alama inayoandikwa kwa jina la timu. Timu imejua ikiwa kila mwanachama ameliona jibu kwa jicho lake, kiasi kwamba akiulizwa kwa nini, anaweza kulitetea. Asiyeweza amelisikia tu.

Sharti hilo ni gumu, hasa kwa sababu ya ukimya. Katika miaka ya 1950 Solomon Asch aliwaketisha wanafunzi wa vyuo vya Marekani pamoja na watu waliopangwa kutoa jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari uliokuwa wazi kwa macho. Karibu theluthi ya majibu ya wanafunzi hao yalifuata uongo wa wengi. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata huko kulishuka sana. Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili jambo la jirani karne nyingi kabla: wanazuoni wakiafikiana juu ya hukumu, hiyo ni ijmaa, lakini ikiwa baadhi wamesema na waliobaki wamenyamaza, je, ni ijmaa? Wahanafi wengi waliikubali kwa masharti. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, amenasibishiwa kanuni kwamba kauli haihesabiwi kwa mtu aliyenyamaza. Kwa fumbo la timu nafuata kanuni hiyo. Aliyenyamaza kwa sababu ameona na aliyenyamaza kwa sababu anaogopa kuonekana mjinga wanafanana kwa nje, na timu isiyojua kuwatofautisha haijui kama inajua.

Atatokea wa kuniambia kwamba nimedai mno. Katika mashindano ya kimataifa ya programu za kompyuta ya vyuo vikuu, ICPC, timu ni watu watatu wenye kompyuta moja na saa tano. Wanagawana: mmoja anaandika, mwingine anapiga hesabu kwenye karatasi, wa tatu anasoma swali lingine. Si kila mmoja anaweza kutetea kila jibu, na mwanafalsafa John Hardwig alikwisha kuonyesha mwaka 1985 kuwa sayansi yenyewe ina makala ambazo waandishi wake ni wengi mno kwa yeyote kuweza kuthibitisha yote peke yake. Ni kweli. Lakini tazama kilichochukua nafasi ya kuona: ni kuaminiana. Na kuaminiana ni amana. Kuna wa kuitunza na kuna wa kuulizwa. Paulo, katika sura moja ya waraka kwa Wagalatia, anawataka wabebeane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atauchukua wake. Wafafanuzi wamehangaika kuipatanisha mistari hiyo. Timu iliyogawana kazi inaiishi yote miwili kwa saa tano. Jibu lako ninalibeba bila kulipima, na ndiyo maana likiwa la ovyo, kosa la kutolipima wewe mwenyewe ni lako.

Kwa hiyo ningependelea mashindano ya mitaani yaongeze kanuni moja: jibu likitolewa, mwamuzi apige kura amteue mmoja wa wanne alieleze, na alama ikamilike hapo. Hoja kubwa dhidi ya kanuni hii ni kwamba itamwadhibu mwenye haya, pamoja na yule anayefikiri kwa Sheng huku swali limeandikwa kwa Kiingereza. Hoja hiyo naikubali, na dawa yake ninayoiona ni mbili: aliyeteuliwa aeleze kwa lugha anayoitaka, na apewe dakika ya kuwauliza wenzake kabla ya kusimama. Dakika hiyo si wizi wa mtihani. Wenzake wakiweza kumwonyesha mbuzi anavyorudi, naye akaona, atasimama akiwa anajua.