Damu ya Mtoto na Heshima ya Mama Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji, akamjaalia nasaba na ukwe. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu Waislamu, limetujia swali zaidi ya mara moja, nalo ni hili: Mume amepimwa damu akaambiwa ni kundi A. Mkewe amepimwa akaambiwa ni kundi B. Mtoto wao amepimwa akaonekana ni kundi O. Je, yafaa mume kusema ya kuwa mtoto huyu si wake?

Hawa waliouliza wamefanya vyema, kwani kuuliza ndiyo dawa ya asiyejua. Lakini wako wengine wasiouliza. Wao wameshahukumu: mke amerudishwa kwao, mtoto amekatiwa matumizi, na jina la mwanamke lazungushwa barazani pamoja na vikombe vya kahawa. Kwa ajili ya hao ndiyo tumeona haifai kunyamaza.

Wazee wetu hawakuwa na fitina hii, kwa kuwa hawakuyajua makundi ya damu zao. Leo mtu hupimwa anapokwenda kumtolea damu mgonjwa wake, mama hupimwa akiwa mja mzito, na vijana wetu wayasoma makundi haya katika somo la bayolojia shuleni. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini elimu ikichukuliwa nusu, nusu ile huweza kudhuru kuliko ujinga mtupu, kwa sababu mwenye nayo hudhani ameshajua.

Jibu letu kwa ufupi ni kuwa haifai, wala mume huyo hana dalili yoyote mkononi mwake. Tutaeleza kwanza kwa upande wa maumbile, kisha kwa upande wa sharia.

KANUNI YA MAUMBILE

Zamani madaktari walikuwa wakimtia mgonjwa damu ya mtu mwingine, huyu akapona na yule akafa, wasijue kwa nini. Mwaka 1901, katika mji wa Vienna, daktari Karl Landsteiner alitangaza ya kuwa damu za watu si namna moja, akazigawanya makundi matatu. Kundi la nne, AB, likajulikana mwaka uliofuata. Mwaka 1910 Emil von Dungern na Ludwik Hirszfeld wakabainisha ya kuwa makundi haya hurithiwa. Na mwaka 1924 mwanahisabati Felix Bernstein akaeleza kanuni yenyewe ya kurithi, nayo ndiyo inayosomeshwa hata leo.

Kanuni hiyo ni hii. Kila mtu hubeba alama mbili za kundi la damu: moja ameipata kwa baba yake, na moja kwa mama yake. Alama hizo ni namna tatu: A, B na O. A na B zina nguvu, hudhihiri popote zilipo. Ama O hujificha ikiwa pamoja na A au B, wala haidhihiri ila ikikutana na O mwenziwe.

Basi mtu aliyeandikiwa kundi A huenda akawa na A mbili, na huenda akawa na A moja na O iliyofichika chini yake. Karatasi ya hospitali haioneshi tofauti hiyo. Wote wawili huandikiwa A. Na mwenye kundi B ni vivyo hivyo. Ama mwenye kundi AB amebeba A na B, na zote mbili zaonekana. Na mwenye kundi O amebeba O mbili.

Mtoto anapotungwa, baba hutoa alama moja tu katika mbili zake, na mama hutoa moja tu katika mbili zake. Sasa na tumrudie muulizaji. Mume ni A mwenye O iliyofichika, na mke ni B mwenye O iliyofichika. Ikiwa baba ametoa A na mama ametoa B, mtoto ni AB. Ikiwa baba ametoa A na mama ametoa O, mtoto ni A. Ikiwa baba ametoa O na mama ametoa B, mtoto ni B. Na ikiwa wote wawili wametoa ile O iliyofichika, mtoto ni O. Kila moja katika hali hizi nne ina nafasi 1 kati ya 4. Wala maana yake si kwamba wakizaa watoto wanne, kila mmoja atachukua kundi lake. Kila mimba ni kura mpya. Huweza wote wanne wakawa O, na baba yao ni yeye yule.

Kwa kanuni hiyo hiyo, mume na mke walio A wote wawili waweza kuzaa mtoto wa kundi O, na walio B wote wawili ni hivyo hivyo. Na ajabu kuliko hayo ni mzazi mmoja kuwa AB na wa pili kuwa O: watoto wao huwa A au B, yaani hakuna hata mmoja mwenye kundi la baba wala la mama! Lau kutofautiana kwa damu kungekuwa ni dalili ya zinaa, basi nyumba hiyo ingehukumiwa kwa kila mtoto anayezaliwa. Na hali ya ile alama ya pili iitwayo Rhesus ni kama hiyo: wazazi wawili walio chanya waweza kuzaa mtoto aliye hasi, kwa kuwa hasi nayo hujificha.

Atasema mtu: Je, hakuna hali ambayo kanuni yenyewe yaikataa? Twasema, iko. Wazazi wawili wa kundi O hawatarajiwi kuzaa mtoto wa A au B, na mzazi wa kundi AB hatarajiwi kuzaa mtoto wa O. Lakini hata hapo haraka haifai. Huenda chupa za damu zimebadilishana, au mwandishi amekosea kuandika, au mtu asema kundi lake kwa kukumbuka tu jambo aliloambiwa miaka mingi nyuma. Tena yako maumbile ya nadra: mwaka 1952 madaktari wa Bombay walieleza khabari za watu ambao wakipimwa huonekana kama ni kundi O, ilhali ndani yao wamebeba alama ya A au B, na watoto wao huweza kuirithi na kuidhihirisha. Basi mwenye akili hupima tena, akamuuliza daktari anayeijua kazi yake, kabla ya kufungua kinywa.

HUKUMU YA SHARIA

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira (R.A.) ya kuwa bedui mmoja wa kabila la Fazara alimjia Mtume (S.A.W.), akamweleza ya kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na katika maneno yake mlikuwa na ishara ya kumkana mtoto. Mtume hakumkemea wala hakumwunga mkono. Alimuuliza kukhusu ngamia wake na rangi zao. Yule bwana akajibu kuwa ni wekundu. Akamuuliza kama hamna miongoni mwao wa rangi ya kijivu, akakiri kuwa wamo. Akamuuliza wametoka wapi hao, akajibu kuwa huenda ni asili ya zamani iliyowavuta. Hapo Mtume akamfahamisha ya kuwa na mtoto wake huyo pia huenda amevutwa na asili ya zamani. Wala hakumpa ruhusa ya kumkana.

Hatusemi ya kuwa hadithi hii ni darsa ya utabibu, wala hatupendi mtindo wa kuvuta kila uvumbuzi mpya ukabandikwa juu ya maneno ya Mtume. Twasema ni darsa ya hukumu: ya kuwa mtoto huweza kutoka na jambo lisiloonekana kwa baba wala kwa mama, na ya kuwa jambo hilo peke yake haliivunji nasaba. Imam Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hii, amebainisha ya kuwa mtoto huwa ni wa mume hata rangi zao zikikhitalifiana. Na ikiwa rangi, ambayo kila mtu yaiona, haikutosha kuwa dalili, basi itatoshaje herufi moja iliyoandikwa juu ya karatasi?

Tutazame pia khabari ya Usama bin Zaid (R.A.). Usama alikuwa mweusi na baba yake Zaid alikuwa mweupe, na watu walikuwa wakisema maneno. Siku moja wawili hao walikuwa wamelala wamejifunika nguo, miguu yao iko nje. Akapita Mujazziz Al-Mudliji, aliyekuwa bingwa wa kutambua nasaba kwa maumbile ya mwili, akasema ya kuwa miguu ile ni ya asili moja. Mtume aliingia kwa Bibi Aisha (R.A.) uso wake wang'ara kwa furaha. Alifurahi kwa nini? Kwa sababu dalili imekuja kuzima maneno ya watu. Na sisi leo tukipata elimu ya damu twaitumia kuyawasha!

Ndugu zetu, kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi ni moja katika yale madhambi saba ya kuangamiza aliyotuonya Mtume. Na katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu ameweka juu ya mwenye kufanya hivyo, asipoleta mashahidi wanne, adhabu ya mapigo 80, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Mume naye hakuachiwa ulimi wake huru. Amewekewa njia ya liani, nayo ni viapo vizito mbele ya hakimu, vyenye kujitakia laana ya Mungu akiwa ni mwongo. Je, yupo mwenye imani atakayethubutu kuapa viapo hivyo kwa sababu ya herufi O? Ama barazani si mahali pa liani, na mpiga ramli si kadhi.

Wengine husema, basi na kipimwe kile kipimo cha vinasaba, chenye nguvu zaidi. Ni kweli kina nguvu, na kina mahali pake. Lakini mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa nasaba yake imethibiti kwa ndoa hiyo. Mwaka 2002 Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka lilikata shauri ya kuwa kipimo hicho hakitegemewi katika kukanusha nasaba, wala hakitangulizwi mbele ya liani. Nasaba ni haki ya mtoto, na kwayo ana jina lake, malezi yake na mirathi yake. Haifai kuchezewa kwa wasiwasi.

LIPI LATUPASA?

Yatupasa waume tumche Mungu katika wake zetu. Yawapasa mama wakwe na mawifi wasiwe wa kwanza kuhesabu makundi ya damu za wajukuu na wapwa. Na yawapasa walimu wanaposomesha somo hili wawaeleze vijana khabari ya alama iliyofichika, ili kijana asirudi nyumbani na swali litakaloiunguza nyumba.

Na anayetaka kuitumia elimu ya damu kwa kheri, njia iko wazi. Mke akiwa hasi na mume akiwa chanya, mtoto huweza kuwa chanya, na damu yake ikichanganyika na ya mama wakati wa kuzaa, mwili wa mama hujitayarisha kuipiga vita, na mtoto anayefuata huwa katika khatari. Ni wangapi waliofiwa na watoto mfululizo wakaambiwa wana kisirani! Na ilhali iko sindano ya kuzuia madhara hayo, ambayo mama hupewa akiwa na mimba, na tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa. Mume anayeyauliza haya kliniki ameitumia elimu kulinda nyumba yake, na hiyo ndiyo kazi ya elimu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na dhana mbaya, azisitiri nyumba zetu, na atupe elimu yenye manufaa pamoja na akili ya kuitumia. Amin.

Wabillahi tawfiq.