Kitabu Kisichofunguliwa

Wahenga walisema ya kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Neno hili lilizaliwa penye tenga la samaki, na huko ni neno la kweli, kwa kuwa uozo hupita kwa mguso kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Lakini watu wamelitoa sokoni wakalipeleka mahali lisipozaliwa. Wamelitumia kuhukumu ukoo mzima kwa mtoto mmoja, mji mzima kwa mtaa mmoja, na zama nzima kwa kazi chache zilizopiga kelele kuliko nyingine. Swali linalostahili kupimwa, basi, ni hili: je, ziko zama zinazoweza kuhukumiwa kwa jumla, kama tenga lililooza, au kila kazi ya mkono wa mtu ina haki ya kuinuliwa peke yake na kutazamwa kabla ya kutupwa?

Mfano wa swali hili uko Marekani, katika sanaa ambayo wanachuoni wengi hawakuidhania kuwa inastahili wino wao. Sanaa hiyo ni vitabu vya hadithi za picha vyenye kueleza habari za mashujaa wa nguvu za ajabu. Asili yao huhesabiwa tangu mwaka 1938, Superman alipotokea kwa mara ya kwanza katika kitabu kilichouzwa kwa senti 10. Shujaa aliyependwa alipewa kitabu chake, na vitabu hivyo vilitoka mwezi kwa mwezi. Baadaye ilianza desturi ya makutano: hadithi iliyoanza katika kitabu cha shujaa huyu iliendelea katika kitabu cha yule, na ikamalizikia katika kitabu cha wa tatu. Desturi hiyo ilikuwako kwa miaka mingi, lakini kati ya mwaka 1991 na mwaka 1996 ilifurika kama mto wa masika. Zama hizo ndizo zinazotajwa kwa dharau mpaka leo. Atakaye kukitukana kitabu cha picha humtosha kusema kwamba kinafanana na vile vya miaka ya 1990.

Haki haianzi kwa kuficha makosa ya mshtakiwa. Makosa ya zama hizo yalikuwa mengi, na yalikuwa ya kweli. Hadithi ya Spider-Man iitwayo Maximum Carnage, ya mwaka 1993, ilikatwa vipande 14 ikatawanywa katika vitabu mbalimbali, na msomaji aliyekosa kimoja alikosa kiungo cha mwili wote. Wachoraji wengi walichora misuli iliyovimba kama magunia, silaha kubwa kuliko wachukuzi wake, na wanawake waliowekwa watazamwe kuliko wasikilizwe. Majalada yalipakwa rangi za kumetameta ili kumvuta mnunuzi. Kitabu cha kwanza cha X-Men cha mwaka 1991 kilitolewa kwa majalada matano, na nakala zaidi ya 8,000,000 zikaenda madukani. Mwaka 1993 kampuni za Image na Valiant zilitangaza makutano yaliyoitwa Deathmate. Sehemu zake zikachelewa, na wenye maduka waliokwisha agiza shehena wasiyoweza kuirudisha wakapata hasara. Mwaka 1996 Marvel na DC walipokutanisha mashujaa wao, washindi wa mapambano matano waliamuliwa kwa kura za wasomaji. Katika pambano mojawapo Storm, ambaye katika hadithi mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya, na ambaye jina lake la Ororo humkumbusha Mswahili neno la ulaini, alimshinda Wonder Woman. Wapenzi wake walifurahi. Lakini furaha hiyo haikutoka katika maana ya hadithi, ilitoka katika hesabu ya kura. Mwisho wa mwaka huo huo Marvel iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika, na maduka mengi ya vitabu hivi yalikuwa yamekwisha funga milango.

Hayo ndiyo mashtaka, wala hakuna hata moja linalostahili kukanwa. Hata hivyo, shtaka la kweli si lazima lizae hukumu ya kweli. Inafaa kuuliza kwanza ni nani aliyehukumu, na ushahidi aliouleta ulikuwa gani.

Mwezi wa Novemba 1992 kilitolewa kitabu cha 75 cha Superman, ambacho ndani yake shujaa huyo anauawa. Nakala zake nyingi zilitiwa katika mfuko mweusi wa plastiki, na mfukoni mlikuwa na kitambaa cha kuvaa mkononi kwa maombolezo. Watu walisimama safu ndefu nje ya maduka. Wako walionunua nakala mbili, moja ya kusoma na moja ya kuweka bila ya kuifungua. Na wako ambao ya kusoma hawakuinunua kabisa. Walikuwa wamesikia kwamba vitabu vya kale vya mashujaa vinauzwa kwa mali nyingi, wakadhani ya kuwa umri ndio unaozaa thamani. Hawakukumbuka kwamba kitabu cha mwaka 1938 kimekuwa ghali kwa sababu ni adimu, na kimekuwa adimu kwa sababu watoto walikisoma, wakaazimana, wakakichana, na wazee wao wakakitupa pamoja na takataka. Kitabu kilichohifadhiwa na mamilioni hakiwezi kuwa adimu. Miaka ilipita, wahodhi wakaipeleka mifuko yao sokoni, wakakuta kila mtu amekuja na mfuko wake.

Hapo ndipo sehemu kubwa ya hukumu ilipozaliwa. Ni vigumu kwa mtu aliyepoteza fedha kukiri kwamba alikosea hesabu. Ni rahisi kwake kusema ya kwamba bidhaa ilikuwa mbovu. Uchungu wa mfuko ukavaa joho la uhakiki. Aliyetaka kusifiwa kwa maarifa alirudia maneno ya aliyetaka kufarijiwa kwa hasara, na wa tatu akayapokea kama elimu. Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza iliwatia watu katika kosa zaidi, kwa kuwa zama hizo zilijitembeza mno, na aliyeona matembezi alidhani amekwisha iona bidhaa. Ni shahidi wa ajabu mtu anayelaani maandishi yaliyolala nyumbani kwake ndani ya mfuko ambao hakuuchana.

Basi mfuko na uchanwe. Katika vitabu vilivyofuata mwaka 1993, baada ya maziko ya Superman, wanatokea watu wanne wenye alama yake kifuani. Mmoja mwili wake ni nusu chuma. Wa pili ni kijana aliyetengenezwa maabarani. Wa tatu ni mkali asiyejua huruma. Na wa nne ni John Henry Irons, Mmarekani mweusi afanyaye kazi ya ujenzi, ambaye zamani alibuni silaha zilizoua watu, na ambaye Superman aliwahi kumwokoa alipoanguka kutoka jengo refu. Mtaalamu anampima yule wa nusu chuma, anaona kwamba mwili wake unaafikiana na wa marehemu. Kwa vipimo, yeye ndiye. Kwa matendo, yeye ndiye anayeshiriki kuangamiza mji mzima wa Coast City. Irons hadai kuwa Superman. Anadai kazi tu, kwa kuwa pengo lililoachwa na mtu mwema halifai kubaki wazi. Msomaji anaachiwa aamue mwenyewe kama jina hurithiwa kwa damu au kwa tabia.

Mwaka huo huo Batman alivunjwa mgongo na adui yake Bane, na vazi lake likapewa kijana aitwaye Jean-Paul Valley. Wakati ule ilisemwa sana kwamba shujaa asiyeua amepitwa na wakati, na kwamba wasomaji wanataka mkono mkali. Hadithi ikawapa walichokitaka. Valley alijifulia deraya yenye makucha, akapiga bila ya kiasi, na siku moja alimwacha muuaji aanguke afe, na mateka aliyekuwa amefichwa na muuaji yule akafa kwa kukosa wa kumpata. Batman wa kwanza aliporudi mwaka 1994, hakumshinda kwa pigo kubwa. Alimwongoza katika njia nyembamba chini ya ardhi, hata ikambidi Valley avue deraya yake kipande kwa kipande ili apite, na alipotoka kwenye mwanga hakuwa na cha kupigania. Wasomaji waliodai ukatili walionyeshwa bei yake.

Hadithi ya Spider-Man iliyoanza mwaka 1994 imedharauliwa kuliko zote. Ilisimulia habari za Ben Reilly, mtu aliyenakiliwa kutoka mwili wa Peter Parker, mwenye kumbukumbu zake zote lakini hana mke, hana nyumba, wala hana jina. Jina alijitungia kwa kuunganisha la mjomba aliyemlea Peter na la ukoo wa kina shangazi yake. Ni kweli kwamba hadithi hiyo ilirefushwa kwa ajili ya mauzo mpaka ikachosha, na kwamba wasomaji waliambiwa kwanza ya kuwa Ben ndiye asili na Peter ndiye nakala, kisha wakaambiwa kinyume. Lakini chini ya vurugu hiyo palikuwa na swali ambalo mwanafalsafa hawezi kulicheka: mtu akigundua kwamba maisha anayoyakumbuka si yake, je, wema anaoutenda leo ni wa nani? Ben alilijibu mwaka 1996 kwa kuuweka mwili wake mbele ya pigo lililokusudiwa Peter. Alipokufa aligeuka vumbi, na vumbi hilo likathibitisha kwamba yeye ndiye nakala. Tendo lake, hata hivyo, halikuwa nakala ya tendo la mtu yeyote.

Hata makutano makubwa ya X-Men ya mwaka 1995 yalikwenda katika njia hiyo. Kwa muda wa miezi minne vitabu vyote vya X-Men viliachishwa majina yake, vikasimulia dunia ambayo mwalimu Xavier alikufa kijana kwa mkono wa mwanawe aliyetoka wakati ujao. Mwana huyo alikusudia kumwua Magneto, na Xavier akasimama kati yao. Katika dunia hiyo Magneto, ambaye kwingineko ni adui wa Xavier, ndiye aliyeishika ndoto ya rafiki aliyemfia, akawakusanya wafuasi kwa ajili yake, na mwanawe akampa jina lake.

Mtu akiziweka hadithi hizi nne pamoja, ataona jambo ambalo mwenye kupima kwa bei hakuliona. Zote zinauliza swali moja: ni nani mrithi wa kweli, na ukweli wake hujulikana kwa nini? Zama zilizotuhumiwa kwamba ni za bandia ziliyatumia makutano yake makubwa kuichunguza bandia yenyewe. Mwaka 1996 Mark Waid na Alex Ross walitoa Kingdom Come, ambayo ndani yake mashujaa wazee wanarudi na kukuta kizazi kinachopigana pasipo kukumbuka watu kinaowapigania. Kwa hiyo zama hizo zilikwisha jishtaki zenyewe kabla wengine hawajazishtaki.

Mpinzani aweza kusema kwamba hadithi chache haziokoi shehena nzima, na kwamba hata hizo zilitungwa kwa amri ya mauzo. Neno lake la kwanza ni sawa, wala halina anayelipinga: kilicho kibovu kibaki kibovu. Neno lake la pili halitoshi. Mfinyanzi hufinyanga chungu ili auze, na njaa yake haikipasui chungu. Nia ya mwuzaji ni hesabu ya mwuzaji. Kazi ina hesabu yake, nayo haijulikani ila kwa kuitumia.

Zaidi ya hayo, hukumu ya jumla haiangukii karatasi peke yake, huangukia watu. Mwaka 1992 wachoraji saba waliokuwa na sifa kubwa waliondoka Marvel wakaunda Image, kwa sababu walitaka mbunifu awe na haki juu ya alichokibuni. Mwaka 1993 Dwayne McDuffie, Denys Cowan, Michael Davis na Derek Dingle, Wamarekani weusi, walianzisha Milestone, wakaleta mashujaa kama Icon, Hardware na Static, ambao hawakuwa wapambe wa mtu. Mwaka 1994 walifanya makutano na Superman, na mashujaa wao walisimama naye uso kwa uso kama wenyeji wa dunia yao wenyewe. Vitabu vya Milestone vilikoma mwaka 1997. Static alivuka bahari hiyo kwa televisheni, akatazamwa na watoto kutoka mwaka 2000 hata 2004. Lakini wenzake wengi walizama pamoja na sifa mbaya ya wakati wao. Asemaye kwamba zama zile hazikuwa na kitu amewafuta hao pia, ingawa hakuwa na nia, na pengine hajui hata kwamba walikuwako.

Mwenye kununua samaki kwa busara hutishika na harufu ya tenga, lakini huinua samaki mmoja mmoja, akatazama jicho na shavu, ndipo akalipa au akaenda zake. Kazi hiyo huchafua mikono na hula wakati, na kwa sababu hiyo wengi huikimbia. Mhakiki hana njia nyingine. Mifuko myeusi ya mwaka 1992 ingaliko katika makabati ya watu, mizima, na bei yake bado ni ndogo. Unafuu huo ni bahati ya msomaji: kitabu ambacho hakimpi mtu utajiri kwa kufungwa, hakimtii hasara kwa kufunguliwa.